Mama mdogo na mdogo wangu wana uvimbe kwenye titi, na wote wananitazama mimi

Shikamoo Daktari,

Nasoma udaktari mwaka wa nne hapa Mwanza, na kwa sasa niko idara ya upasuaji. Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani nikakutana na mambo mawili ambayo mpaka leo yananinyima usingizi.

La kwanza ni mama mdogo, mdogo wake mama tumbo moja. Ana miaka 46, na mtoto wake wa mwisho yuko darasa la nne. Aliniita chumbani, akafunga mlango, akanionyesha titi la kushoto. Kuna uvimbe upande wa juu kuelekea kwapani, mgumu, hauumi hata nikiubonyeza. Anasema ulianza msimu wa kilimo uliopita ukiwa kama punje ya hindi; mimi sasa naukadiria sentimita 4. Ameshakwenda zahanati mara mbili, na mara zote alipewa antibayotiki akaambiwa ni jipu la ndani, litapasuka lenyewe. Hajawahi kupata homa. Akinyanyua mkono, ngozi ya hapo inabonyea.

La pili ni mdogo wangu wa miaka 19. Alitusikia tukizungumza, naye akajipapasa, akakuta kigololi upande wa kulia kinachomteleza chini ya vidole. Tangu siku hiyo hali vizuri, usiku analia, anasema hakuna haja ya kuendelea na chuo.

Baba mdogo hataki kusikia habari ya kupasua. Anasema kuna jirani yao alikatwa kinyama cha kupimwa, hakumaliza mwaka, kwa hiyo kisu ndicho kiliuamsha ugonjwa. Anataka waanze na mitishamba. Na wote, mpaka bibi, wananiambia: "Si wewe ndiye daktari wetu? Tuambie ni nini." Nimebaki kimya. Darasani tumepewa orodha ndefu ya magonjwa ya titi, ya saratani na yasiyo ya saratani, lakini kila nikisoma moja naona linafanana na lingine. Nifanye nini? Na je, ni kweli kisu kinasambaza saratani?

Mwanafunzi, Mwanza

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mzigo huo. Nitaanza na mama mdogo, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haraka.

Apelekwe hospitali wiki hii, asingoje likizo yako nyingine. Asirudi zahanati. Anahitaji mahali penye daktari wa upasuaji na maabara ya patholojia, na kwa watu wa Kanda ya Ziwa hapo ni hospitali ya Bugando, kwa rufaa ya hospitali ya wilaya. Heri yenu ni kwamba idara ya saratani na tiba ya mionzi zipo hapo hapo Mwanza, kwa hiyo hatalazimika kuhamia Dar es Salaam kufuata taasisi ya saratani ya Ocean Road.

Kwa nini naharakisha hivi? Jipu la titi lina mwenendo wake. Kwa kawaida humpata mama anayenyonyesha, hasa miezi ya mwanzo. Linauma kiasi kwamba hata nguo hataki imguse, titi linakuwa la moto, na homa inapanda. Wekundu usiutegemee sana kwenye ngozi yetu nyeusi. Weka kiganja utafute joto. Mama mdogo hana hata moja kati ya hayo, na kunyonyesha ameacha miaka mingi. Uvimbe unaodhaniwa ni maambukizi usiponywea baada ya dozi moja kamili ya antibayotiki, hatua inayofuata ni picha na kinyama. Hiyo dozi ya pili ilimla muda tu. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti wa mwaka 2021, linataka mwanamke awe amejua ana ugonjwa gani ndani ya siku 60 tangu afike kituoni mara ya kwanza. Mama yako mdogo ameshazipita.

Kutouma kwa huo uvimbe kusimtulize mtu yeyote pale nyumbani. Saratani ya titi kwa sehemu kubwa huanza bila maumivu, na hilo ndilo linalowachelewesha mama zetu: wanangoja iume ndipo waite ugonjwa. Mtu wa miaka 46, uvimbe mgumu, unakua, hauumi, ngozi inavutwa: hiyo ni saratani mpaka kinyama kiseme vinginevyo. Sijasema anayo. Nimesema ashughulikiwe kama mwenye nayo hadi majibu yatoke.

Ngoja nikae kidogo kwenye hiyo ngozi inayobonyea, kwa sababu umeona jambo ambalo watu hupita bila kuliona. Ndani ya titi kuna nyuzi nyembamba, kano za Cooper, zinazotoka kwenye ngozi hadi kwenye utando ulio juu ya misuli ya kifua. Saratani ikizifikia nyuzi hizo inazikaza na kuzifupisha, na ngozi inavutwa ndani. Akiwa ameshusha mikono unaweza usione kitu. Ndiyo maana tunamkalisha mgonjwa amevua hadi kiunoni, tunatazama mikono ikiwa chini, kisha ikiwa juu ya kichwa, kisha ameshika kiuno na kukikandamiza ili misuli ya kifua ikaze. Nusu ya kipimo cha titi hufanywa na macho kabla vidole havijagusa chochote. Baada ya hapo alale, mkono wa upande husika uende chini ya kichwa, nawe upapase kwa matumbo ya vidole vitatu vya kati, ukianza na titi lisilo na tatizo. Malizia kwapani na juu ya mtulinga. Kwapani mshikie wewe mkono wake, usimwache aubebe mwenyewe, vinginevyo misuli itakaza na tezi zitakupotea.

Kubonyea huko usikuchanganye na ngozi ya ganda la chungwa. Hiyo ni kitu kingine: mishipa ya limfu imeziba, ngozi imejaa maji na kuwa nene, na vitundu vya vinyweleo vinaonekana kama vishimo. Wanafunzi wengi huviandika vyote kuwa hatua ya T4, ile ya juu kabisa katika kipimo cha ukubwa na kuenea kwa uvimbe wenyewe, T1 hadi T4. Si kweli. Ngozi kubonyea peke yake, au chuchu kuingia ndani peke yake, haiufanyi uvimbe kuwa T4. Unaingia T4 ngozi ikivimba maji, ikitoka kidonda, ikiwa na vinundu vya pembeni, au uvimbe ukishika ukuta wa kifua. Sentimita 4 ziko kati ya 2 na 5, hiyo ni T2. Kama kweli ni saratani, na kama kwapani na mwilini hakuna makubwa, mama mdogo bado yuko mahali ambapo tiba inalenga kuponya. Hilo unaweza kumwambia bila kumdanganya, na nadhani analihitaji kuliko lolote.

Sasa mdogo wako. Kaa naye leo, hata kwa simu. Kigololi kinachoteleza chini ya vidole kwa binti wa miaka 19, kama kina ukingo laini na ugumu wa raba, karibu mara zote ni fibroadenoma, uvimbe usio wa saratani. Vitabu vya zamani viliuita panya wa titi kwa jinsi unavyokimbia ukiutafuta. Hukimbia kwa sababu haukushika chochote: umekua kutoka kwenye vijumba vya maziwa na nyama inayovishikilia, umejitengenezea mpaka wake, na unaisukuma nyama ya jirani bila kuipenya. Saratani hupenya, ndiyo maana hutulia mahali pamoja. Homoni za ujana ndizo zinazoulisha, kwa hiyo hujitokeza zaidi kati ya miaka 15 na 35, huweza kukua kidogo wakati wa ujauzito, na mara nyingi husinyaa hedhi ikikoma. Kugeuka saratani ni nadra mno.

Bado apimwe altrasaundi. Mamogramu haimfai: titi la binti limejaa nyama nzito na picha hutoka nyeupe tupu, uvimbe usionekane. Altrasaundi ikionyesha umbo la yai, mpaka safi, umelala kwa upana, daktari anaweza kumfuatilia kila baada ya miezi kadhaa bila kumkata. Ukizidi sentimita 3, ukikua haraka, au mwenyewe akikosa amani, unaondolewa kwa upasuaji mdogo. Unaokua haraka tunautazama kwa jicho jingine kwa sababu kuna ndugu yake, uvimbe wa filodi, ambao mwanzoni hufanana nao sana lakini lazima utolewe na ukingo wa nyama nzima kuuzunguka, la sivyo hurudi. Huo huwapata zaidi walio kwenye miaka ya arobaini. Na mwambie asijipapase kila siku. Ajikague mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi kwisha, wakati titi halijajaa.

Umeniuliza kuhusu ile orodha. Shida yake ni kwamba imepangwa kwa majina, na mgonjwa haji na jina. Anakuja na umri, na hali aliyonayo, na anachokiona. Muulize miaka, muulize kama ananyonyesha, muulize kama kinafuata hedhi, na nusu ya orodha itakuwa imeondoka yenyewe. Binti wa chini ya miaka 30, fikiria fibroadenoma. Kati ya 30 na 50, matiti yote mawili yanauma na kuwa na mabonge-mabonge kabla ya hedhi halafu yanatulia: hayo ni mabadiliko ya homoni, anahitaji kueleweshwa na sidiria inayomshika vizuri. Umri huo huo, uvimbe wa mviringo uliotokea ghafla unaweza kuwa kifuko cha maji. Sindano inautoa wote ukaisha pale pale kitandani. Maji yakiwa na damu, au uvimbe ukibaki baada ya kunyonywa, peleka maabara. Baada ya miaka 50, uvimbe mpya ni saratani hadi ithibitike siyo.

Lakini jua mahali vidole vinapodanganya, maana hapo ndipo watu wanapotea. Kifuko cha maji kilichojaa sana hukaza mpaka kikawa kigumu kama uvimbe wa nyama. Mwanamke aliyepigwa au kugongwa kifuani anaweza kupata mafuta yaliyokufa ndani ya titi: uvimbe mgumu, ukingo haueleweki, ngozi imevutwa, kila dalili ya saratani ipo na saratani haipo. Kwetu pia kuna kifua kikuu cha titi, kinachokuja kama jipu lisilopona, linatoboka, linatoa usaha mwepesi, linapasuliwa leo na mwezi ujao limerudi. Hicho dawa yake ni ya TB, si kisu.

Upande wa pili ni mbaya zaidi, yaani saratani iliyojificha ndani ya sura ya ugonjwa mwepesi. Ugonjwa wa Paget huanza kama upele kwenye chuchu yenyewe, unawasha, unachubuka, na mama anapakwa krimu miezi na miezi. Ukurutu wa kawaida huanzia kwenye duara jeusi linaloizunguka chuchu na mara nyingi huiacha chuchu, tena huwa pande zote mbili. Upele wa chuchu moja usiopona, kata kipande upime. Kuna saratani ya uvimbe-moto: titi zima linavimba na kuwa la moto ndani ya wiki chache, hakuna uvimbe wa kushikika, na kila anayemwona anaandika antibayotiki. Ikimpata mama anayenyonyesha, miezi inapotea. Majimaji ya chuchu nayo yana maana yake. Yakitoka pande zote mbili, kwenye vitundu vingi, ukikamua tu, mara nyingi si kitu. Yakitoka yenyewe, upande mmoja, kitundu kimoja, na yana damu, mara nyingi ni papiloma, kiuvimbe kidogo kisicho cha saratani ndani ya mfereji wa maziwa, lakini mfereji huo lazima uchunguzwe. Na usiwasahau wanaume: takriban mgonjwa 1 kati ya 100 wa saratani ya titi ni mwanamume, naye huchelewa zaidi kwa kuwa hakuna aliyemwambia inawezekana.

Kwa sababu ya udanganyifu huo wa pande zote mbili, kila uvimbe hupitia vipimo vitatu: mikono, picha, na sindano ya kinyama. Vyote vitatu vikikubaliana kwamba ni salama, mwambie mgonjwa aende kwa amani. Kimoja kikipinga, usifunge faili. Sindano iwe ile nene inayotoa nyuzi za nyama, kwa sababu sindano nyembamba hutoa chembe tu, na chembe hazikuonyeshi kama ugonjwa umeshapenya nje ya mfereji.

Hapo ndipo tunakutana na baba mdogo. Usimdharau, mwanangu, hofu yake ameijenga juu ya kifo alichokiona kwa macho yake. Ni kweli kwamba chembechembe za saratani huweza kuonekana kwenye njia ilikopita sindano. Lakini haijaonekana kwamba waliochukuliwa kinyama kwa sindano wanaishi muda mfupi zaidi kwa sababu hiyo, na bila kinyama hakuna daktari makini atakayeanza tiba. Wengi wanaofariki muda mfupi baada ya kipimo huwa walifika ugonjwa umeshakwenda kwenye mapafu, ini au mifupa. Kipimo kilikuta hali hiyo, hakikuileta.

Kuna kitu kimoja ambacho baba mdogo ana haki ya kukiogopa, nacho ni kisu cha pupa. Mgonjwa anaingizwa chumba cha upasuaji mdogo, uvimbe unachokonolewa bila picha wala kinyama, mkato umewekwa popote, kipande kinatupwa. Anapofika kwa mtaalamu, mipaka ya ugonjwa imevurugwa na hakuna ajuaye ulikuwa wa aina gani. Kataeni hilo kwa nguvu zote. Na kama anadhani upasuaji maana yake ni titi zima kuondoka, mweleze kwamba tangu utafiti wa Bernard Fisher wa Marekani uliotangazwa mwaka 1985, inajulikana kuwa kutoa uvimbe na kufuatisha mionzi huokoa maisha sawa na kuondoa titi lote, kwa mgonjwa ambaye uvimbe wake unaruhusu. Wengine huanza na tibakemia, hizo wanazoziita dripu, ili uvimbe unywee kwanza.

Zungumza naye kwa heshima ya mtoto, mama mdogo na bibi wakiwepo. Usibishane na mitishamba. Omba tu hospitali itangulie, na wasipake kitu chochote cha kuchoma juu ya ngozi. Lakini kabla ya kikao hicho, kaa na mama mdogo peke yake umuulize yeye anataka nini. Titi ni lake na neno la mwisho ni lake. Sijapenda kuona kwamba katika barua nzima ya kwako kila mtu amesema isipokuwa yeye.

Wewe usiwe daktari wao. Ulivyonyamaza ulifanya vyema, maana jibu la vidole vyako, liwe la heri au la shari, lingegeuka hukumu pale nyumbani. Kazi yako ni kumsindikiza, kushika karatasi zake, na kumtafsiria anachoambiwa. Fedha zikiwa tatizo, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, kabla hajakata tamaa na kurudi kijijini. Na kama majibu yakithibitisha saratani, mama yako mzazi naye aende akapimwe, kwa sababu ni dada yake wa tumbo moja. Saratani nyingi za titi hazirithiwi. Zinazotokana na jeni za kurithi kama BRCA1 na BRCA2 ni kama 5 hadi 10 kwa kila 100. Hata hivyo historia hiyo iandikwe kwenye faili lake, na la mdogo wako, na lako.

Siku ya kuchukua kinyama uwe pale. Kinyama kiingie kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, mara moja, kisizidi saa moja, wala kisiwekwe kwenye maji ya chumvi kikingoja mtu wa maabara. Kikichelewa, vipokezi vya estrojeni na projesteroni, yaani sehemu za chembe ya saratani zinazopokea homoni hizo, huharibika, na mama ambaye angefaidika na tamoksifeni, dawa inayoizuia estrojeni, kidonge kimoja kwa siku kwa miaka 5 au zaidi, anaandikiwa kwamba hakimfai. Fomu ijazwe yote: umri, upande, uvimbe uko saa ngapi ukilitazama titi kama uso wa saa, na sentimita ngapi kutoka kwenye chuchu. Omba wapime pia HER2, kipokezi cha tatu kinachoichochea saratani kukua. Saratani isiyo na kipokezi hata kimoja kati ya hivyo vitatu inaonekana zaidi kwa wanawake wa Kiafrika kuliko kwa Wazungu, na tiba yake hupangwa tofauti, kwa hiyo karatasi iliyoandikwa "saratani" tu bila vipokezi haijakamilika. Irudisheni, na mkipata iliyokamilika niandikie.